Ukumbi Usio na Nguzo

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye kituo cha zamani cha treni, nje kidogo ya Riyadh, nikiukodolea macho ukumbi wake. Ni zege tupu, na paa limejipinda kutoka ukuta hadi ukuta bila nguzo hata moja. Nikamsifu moyoni aliyeuchora.

Mara akapita dada mmoja amebeba mtoto, akimfuata madam, mwajiri wake. Mkononi dada alikuwa amevaa bangili ya shanga za rangi za bendera yetu. Furaha ikanipanda kichwani.

“Dadangu! Wewe ni wa wapi Kenya?”

Paa lile likaipokea sauti yangu na kuizungusha ukumbi mzima. Watu wakageuka. Dada hakuinua macho.

Wanaume wenzangu, mnaijua kanuni yetu huku: dada akiwa na madam, unapita kama hujamwona. Nami naijua.

“Huyu mwanamume ni nani wako?” madam akamuuliza kwa Kiarabu.

“Simjui, madam. Wallahi simjui.”

Madam akanyoosha kiganja. Dada akamhamishia mtoto bega la pili, akatoa simu yake, akaiweka pale.

Nikatafuta nguzo ya kujificha nyuma yake.