Mawe ya Msingi ya Daraja Lisilojengwa

Kaka yangu ni mchonga mawe, na mtaa mzima unamwita Tindo, kwa jina la kile chuma anachokigonga kutwa. Hata mke wake humwita hivyo akiwa amekasirika. Ua wake uko nyuma ya nyumba ya mama. Upande mmoja yameegemezwa mawe ya makaburi yanayosubiri majina, upande mwingine ipo meza ya zege, ndoo ya maji ya kusugulia, na kikombe cha chai ambacho kila siku hupoa na kuota vumbi, kwa sababu mwenyewe hawezi kuiacha herufi katikati. Anapochonga huitamka kila herufi kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Ukimsemesha wakati huo, hakujibu. Mimi nimeshazoea, namsubiri afike mwisho wa neno.

Kazi aliirithi kwa baba, pamoja na ukaidi. Baba aliwahi kuikataa kazi ya familia moja ya kitajiri mchana kweupe, akasema hawezi kuchonga "mume mwema" wakati mtaa mzima unamjua marehemu. Tulilala njaa siku ile, na baba alilala akicheka.

Nusu ya kazi za kaka ni makaburi. Nusu nyingine ilikuwa ya serikali, maana serikali yetu inapenda sana mawe ya msingi.

Kati ya mtaa wetu na zahanati kuna korongo. Si kubwa. Wakati wa kiangazi unashuka, unaruka mfereji, unapanda upande wa pili. Mvua zikianza, maji yanajaa kule chini na kingo zinateleza, na anayetaka kuzunguka kwa barabara kuu ajue ana safari ya kumchosha hata mtu mzima wa afya. Mama yetu ana presha, na zahanati wanamtaka kila wiki. Mvua za mwaka jana wifi alijaribu kumvusha, wakaanguka wote wawili. Wifi akavunjika kifundo cha mguu, mama akatoka na matope mpaka kwenye nywele. Tukaanza kumbeba mgongoni kwa zamu. Haikupita muda akasema basi.

"Sibebwi tena kama gunia," alisema. "Kama ni presha, inikute kwenye kiti changu."

Akaacha kwenda kliniki. Tulimbembeleza, tukamtisha, tukamletea mpaka nesi. Hakuna aliyefua dafu.

Daraja liliahidiwa tangu mimi sijaolewa. Mkubwa wa kwanza alikuja kuweka jiwe la msingi ng'ambo ya korongo, upande wa zahanati, ambako magari yanafika. Mahema meupe yakasimamishwa, viti vikafungwa riboni, zulia jekundu likatandazwa juu ya vumbi mpaka ukingoni. Palikuwa na bendi, palikuwa na fulana zenye picha yake, na magari yaliachwa yakinguruma saa zote ili wakirudi ndani wakute baridi. Halafu mwiko. Mwiko wa kung'aa, umelazwa juu ya kimto ndani ya kisanduku, ili mkubwa achote saruji kidogo, apake, apigwe picha. Wageni walipoondoka, kaka aliikwangua saruji ya mkubwa akaanza upya, maana jiwe lilikuwa limekaa upande.

Alipokuja wa pili nikadhani sasa tutajengewa. Kumbe mkubwa mpya hawezi kuendelea na jiwe lenye jina la mwenzake. Ndiyo desturi yao, na sijaona sheria inayofuatwa vizuri kuliko hiyo. Kaka aliambiwa aivunje nguzo, alitupe jiwe, achonge jingine. Mahema, zulia, bendi. Mwiko mpya, kwa sababu ule wa kwanza haukujulikana umeishia wapi. Akaja wa tatu, ikawa yale yale, na safari hii kamati ya maandalizi ilihamia hotelini siku kadhaa kujadili rangi ya mahema.

Mimi nauza nyanya sokoni. Kila asubuhi, kabla sijauza hata moja, mtu wa ushuru anasimama mbele yangu, na ole wangu niseme bado. Kwa hiyo ule mwiko ni wangu. Na mahema ni yangu. Nimenunua zulia jekundu ambalo sijawahi kulikanyaga, huku mama yangu akikanyaga matope. Nikiwaza hivyo damu inanichemka, na sioni sababu ya kuificha hasira hiyo.

Kaka hakuyatupa mawe. Kila mara aliyaleta nyumbani kwa mkokoteni, pamoja na vipande vya zege vya nguzo alizozivunja. Wifi akalalamika kwamba mumewe anafuga wakubwa uani.

"Waache," Tindo akamjibu. "Hawa angalau hawali."

Mwaka huu amekuja wa nne. Kaka aliitwa kwanza akaivunje nguzo ya wa tatu, na jiwe lake nalo likaishia uani. Mvua zikiwa zinakaribia, afisa wa itifaki wa halmashauri aliingia uani kwetu, kijana nadhifu mwenye viatu vya kujitazamia. Nilikuwepo, napanga nyanya zangu kwenye tenga.

"Fundi, tunataka jiwe," alisema. "Kubwa kuliko yote yaliyopita, herufi za dhahabu."

Kaka alimalizia neno alilokuwa nalo. "La nini?"

"La daraja."

"Daraja lipi?"

"Fundi naye! Si unalijua?"

"Silijui. Sijawahi kuliona. Wewe umeliona?"

Kijana akacheka peke yake. Mama, aliyekuwa kwenye kiti chake mlangoni, akamuuliza, "Mwanangu, litapitika lini?"

"Mama, kwanza lazima tuzindue."

"Mbona mmeshazindua mara tatu, na mimi bado niko upande huu?"

Tindo akaweka nyundo chini. "Nimemaliza kuchonga mawe ya daraja. Likiwepo daraja, nitakuja kuchonga."

"Unajua unachokifanya, fundi? Kazi za halmashauri hutaziona tena. Wachongaji wako wengi."

"Wako wengi. Waendee."

Kijana alipoondoka, wifi alimgeukia mumewe. "Umeumwaga unga wetu kwa mdomo wako mwenyewe." Mimi pia niliogopa, siwezi kusema uongo. Nikamwambia, "Kaka, mchongee tu, tule." Akanikata jicho. "Wewe si ndiye uliyenunua mahema? Nunua tena." Nikarudi kwenye nyanya zangu.

Kesho yake alipakia vile vipande vya zege kwenye mkokoteni akashuka navyo korongoni. Akachimba chini mpaka akafikia mwamba, akasimamisha nguzo tatu fupi katika mstari, na juu ya kila nguzo akalaza jiwe la mkubwa mmoja, uso juu. Kingo zote mbili akazikata ngazi. Majirani walikuja wenyewe, huyu na sepeto, yule na mfuko wa saruji uliobaki kwenye ujenzi wake. Wifi akaleta maji akichechemea, ingawa bado alikuwa amemnunia mumewe. Kabla ya kulaza mawe, kaka alizipitia herufi zote kwa tindo akazichimba ziingie ndani zaidi. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua.

"Marumaru iliyosuguliwa inateleza kama sabuni," alisema. "Mguu utashikwa na maandishi. Huyu wa pili ndiye bora, ana majina manne."

Baina ya jiwe la tatu na ukingo wa zahanati palibaki pengo, hatua ndefu ambayo kijana angeiruka na bibi asingeiweza. Nikamwambia aweke hata tofali. Akakataa kabisa. "Hapo pana mwenyewe," alisema.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Asubuhi maji yalikuwa yakipita katikati ya nguzo, na mawe yamebaki juu, yamesafishika. Ng'ambo, mahema yalikuwa yameshafika. Mchongaji mwingine alikuwa amepatikana, na jiwe la nne lilisimama pale juu limefunikwa kitambaa, likisubiri mkubwa wake wa kesho. Afisa wa itifaki akazishuka ngazi za kaka mbio mbio mpaka ukingoni mwa maji.

"Fundi! Ondoa haya mawe sasa hivi! Watu wanakanyaga majina ya viongozi!"

Tindo alikuwa ndani ya maji mpaka magotini. "Wanakanyaga, ndiyo. Ndiyo faida ya kwanza tuliyoipata kwao."

"Basi angalau yageuze. Majina yatazame chini."

"Yameshashikana na zege. Isitoshe wenyewe walitaka yasomwe. Leo mtaa mzima unayasoma."

"Nitaita askari!"

"Waite," nikapaza sauti kutoka upande wetu. "Waambie waje na mabuti, barabara hakuna!" Watu wakacheka, na sikuogopa tena hata kidogo.

Hapo ndipo mama alipotokea. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, fimbo mkono mmoja, kadi ya kliniki mkono mwingine. Hakuna aliyemwita wala kumshika. Akazishuka ngazi polepole, akaweka mguu kwenye jiwe la kwanza, akalijaribu kwa fimbo.

"Huyu nani?"

"Wa kwanza, mama," Tindo alisema, akitembea majini kando yake bila kumgusa.

"Amekaa imara. Na huyu?"

"Wa pili."

Kwenye la tatu hakuuliza. Alisimama, akalitazama pengo, halafu akanyoosha mkono kwa kijana aliyekuwa mbele yake.

"Nishike, mwanangu."

Kijana alitazama viatu vyake, akatutazama sisi tuliojaa kingoni. Kisha akaingia kwenye matope mpaka kifundoni, akamshika mama kwa mikono miwili, akamvusha taratibu. Siwezi kumnyima haki yake, alimshika vizuri.

"Ahsante, baba," mama alisema. "Lakini hapa pamebaki pengo."

"Hapo ni pa mkubwa wake," Tindo akasema, na kumwonyesha kijana lile jiwe lililofunikwa kitambaa kule juu. "Lileteni. Nitaliweka bure, na mwiko ninao."

Mama hakusubiri jibu. Alikuwa ameshaanza kupanda ngazi kwenda kupimwa.