Aliyebaki na Mkoba

Tak-tak-tak-tak. Nilikuwa bado nimefumba macho, na kwa kitambo kidogo nilikuwa tena na miaka minane, shingo nimeikunja nyuma, nikisikiliza mnyororo ukivivuta vigari vya mbao hadi kileleni. Kisha nikaamka. Yalikuwa magurudumu ya sanduku la kaka yangu juu ya mawe ya barabara yetu, hapa Schaerbeek, mtaa wa Brussels. Siku ya safari ilikuwa imefika.

Labda nawe ulikuwa na mahali kama pale, mahali pa siku moja tu kwa mwaka. Kwetu ilikuwa bustani ya michezo nje ya Brussels, yenye vigari vya kupaa na kuporomoka kwenye reli. Padri wa parokia alitupeleka kila shule zilipofungwa mwisho wa mwaka, kwa basi lililonuka soksi na maziwa yaliyochacha. Mama aliamka kabla ya jua, akakaanga sambaza, vile visamaki vya kwetu, akaifunga sufuria ya sombe, yaani kisamvu, ndani ya kitenge kwa mafundo mawili. Watoto wengine walikula viazi vya moto kwenye karatasi. Sisi tulikula sombe yetu tukiwa tumewapa watu mgongo, kwa aibu. Leo naitamani ile sombe iliyopoa kuliko chakula chochote mjini hapa.

Mama hakupanda kitu hata kimoja. Alisimama penye njia ya kutokea, makoti yetu mabegani, kofia zetu mikononi, na chini ya kwapa mkoba wake mweusi. Ukimwona kutoka juu, ungedhani ni kigingi cha kutundikia makoti, porte-manteau kwa Kifaransa.

"Maman Porte-manteau!" kaka alipiga kelele tukiporomoka, nasi tukacheka hadi mbavu zikauma. Yeye alitupungia kwa kiwiko, maana mikono ilijaa. Siku moja padri alimwonyesha makabati ya kukodi, yale yenye ufunguo.

"Mon père, vitu yangu haibakie na ukuta," alimjibu.

Tulidhani ni ushamba. Yeye alisema tu kwamba kuna wa kupanda na kuna wa kushika, nasi tuliona kuwa dunia ndivyo ilivyopangwa.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelezwa. Tulipoikimbia Bukavu wakati wa vita, dada yetu mkubwa alikuwa na homa, akabaki kwa shangazi ili atufuate baadaye. Mpakani, katikati ya msongamano, mama aliweka mkoba chini ili anifunge vizuri mgongoni. Alipoinuka, mkoba haukuwepo. Karatasi ya kuzaliwa ya dada ilikuwa ndani. Huku Ubelgiji ofisi ya uhamiaji iliitaka karatasi hiyo, na mwaka uliofuata ikaitaka tena, hadi dada akapita umri wa kuletwa kama mtoto. Kisha simu yake ikaacha kuita. Tangu mpakani pale mama hajaweka chini mkoba wowote, hata huu mweusi alioupata baadaye. Analala nao. Ndani mna bahasha nne za plastiki, kila moja na jina: lake, la kaka, langu. Ya dada ina jina tu.

Mwaka huu daktari alisimamisha dawa za mama. Alituambia huenda akafika kiangazi. Juu ya Krismasi hakusema kitu. Kaka akaniambia kwenye ngazi za hospitali, "Tumupandishe ata mara moja." Ndivyo tulivyoanza kupanga, watu wazima wawili tusiokanyaga bustani ile kwa miaka mingi: tiketi tatu, chumba cha siku mbili ili mama apumzike, treni ya asubuhi. Nilitafuta picha za vile vigari vya mbao, nikaambiwa vimevunjwa. Siku hizi ni vya chuma, vinapaa bila mlio.

Nilimwonyesha mama tiketi kwenye simu yangu. "Bon. Na sac?" akauliza, akiugusa mkoba.

"Maman, kuko casiers, zile kabati. Unafunga na code."

"Na nikikufa kule juu, code utauliza nani?"

Kaka alicheka. Mimi sikuweza.

"Nitaenda," mama akasema. "Lakini sac, bega hii haiiweze tena. Na kule kuko batu wengi. Muntu abakie nayo. Hapa, mulango ifungwe." Akaniangalia mimi. Kaka alifungua mdomo ili abishe. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Basi asubuhi ile nyumba ilinuka sombe. Alikuwa ameipika akiwa ameketi kwenye kiti, akipumzika kila mara. Alivaa raba nyeupe, mpya. Akauweka mkoba mapajani mwangu, nami nikashangaa jinsi ulivyokuwa mzito.

"Usiiweke chini."

"Siiweke, maman."

"Ata ukienda choo."

"Ata nikienda choo."

"Maman Porte-manteau," kaka aliita kutoka kwenye ngazi, sufuria mkononi, "train itatuacha!"

"Si miye leo," akajibu, akinionyesha kwa kidole. "Porte-manteau ni ule kwa kiti." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukuta hadi kikaisha.

Padri amezikwa. Mnyororo ule umekuwa vyuma chakavu mahali fulani. Umri wangu sasa ni ule wa mama alipokuwa akisimama chini, akitutazama tukimcheka. Nilimwangalia akitoka. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa mikono mitupu. Ilining'inia ubavuni kama ya mtu mwingine, hakujua aipeleke wapi. Mwishowe akaitumia kuuvuta mlango, taratibu, hadi ukajifunga nyuma yake.