Daftari la Mawimbi

Jana jioni redio ya Baba ilifika kwenye ile sentensi yangu. "Bahari ya Hindi inatarajiwa kuwa na mawimbi madogo hadi makubwa kiasi." Mtangazaji hajavuta pumzi, Baba akanyoosha mkono akaizima, kama mtu anayefukuza nzi. Mama hakuinua macho kwenye ndizi alizokuwa akimenya. Mimi nikasikia harufu ya daftari langu la zamani, lililokaa jikoni miaka likashika moshi, likanuka kama samaki mkavu. Ninyi mtakaosoma haya mjue kwanza kwamba mimi si msemaji. Hata kuitikia jina darasani kwangu ni kazi. Ndiyo maana naandika.

Baba aliondoka nilipokuwa na miaka tisa. Alisema amepata kazi kwenye meli ya kuvua samaki bahari kuu, mahali ambapo ukisimama huoni nchi kavu upande wowote. Hapa Kanoni, mkoani Kagera, hakuna aliyekuwa ameiona bahari. Sisi tunajua migomba, mibuni, na kilima nyuma ya kilima. Jirani mmoja aliyewahi kwenda Mwanza kwa meli ndiye aliyekuwa mtaalamu wetu, naye alisema bahari ni ziwa tu, ila wameitia chumvi. Mama alimfungia Baba kahawa za kutafuna kwenye jani kavu la mgomba, naye Baba akaenda zake.

Bibi, mama yake Baba, akatuwekea sharti. Siku ambayo bahari ni mbaya, tusifagie uwanja. "Mtu akiwa kwenye hatari, ukifagia unamfutia nyayo. Atarudi akikanyaga wapi?"

Sasa tungejuaje bahari ni mbaya, sisi tunaokaa huku mwisho wa nchi? Kwa redio. Nyumba nyingine walisikiliza utabiri mpaka Kagera itajwe, wakajua kama kesho wataanika kahawa au la, wakazima ili kuokoa betri. Sisi tulingoja mpaka mwisho, wanapofika baharini. Kazi ya kuandika nikapewa mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na mdomo wangu haukuwa na kazi nyingine.

"Koku," Mama aliuliza kila jioni, "baba yako yukoje leo?"

"Upepo wa kusini mashariki, kilomita thelathini kwa saa. Mawimbi madogo hadi makubwa kiasi."

"Haya. Basi amekula."

Bibi aliichukia hiyo "kiasi". "Kiasi gani, waitu? Mtu hafi kiasi!"

Na nikiri hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Uwanja wetu ni mkubwa na majani ya migomba hayaishi kuanguka. Kuna siku redio ilisema bahari ni shwari, nami nikaandika mawimbi makubwa, ili nisifagie.

Aliyetusumbua ni Baba Mkubwa, kaka yake Baba. Alikuja bila kuitwa, akazunguka kibanja, shamba letu la migomba na mibuni, akipapasa mikungu kana kwamba ameitundika yeye. "Mama Koku, huyu ndugu yangu bado anaelea tu?" Halafu anacheka. "Kibanja kikubwa hiki kwa wanawake wawili na nusu." Nusu nilikuwa mimi. Kaka sina. Mama alimjibu kwa upole, "Atarudi, shemeji. Karibu uji."

Mwaka wa pili redio ikatangaza kimbunga. Masika yalikuwa yanaishia na kahawa za kwanza zilikuwa zimeanza kuvunwa. Walisema kiko mbali upande wa kusini, hakitafika nchini, ila wenye vyombo baharini wachukue tahadhari. Upepo kilomita sabini kwa saa, mawimbi mita nne. Nilipima mita nne kwa macho, nikaona zinapita paa letu. Siku tano hatukufagia. Mama aliacha kula mchana. Jumapili mwinjilisti akamwombea "mtumishi wako aliye katikati ya maji makuu," kina mama wakalia, na mimi nililia kuliko wote, maana nilidhani yale mawimbi yangu ya uongo ndiyo yaliyokiita kimbunga.

Siku ya sita, saa tisa alasiri, simu ikaita. Mama akaweka sauti kubwa ili wote tusikie.

"Baba Koku! U mzima?"

"Mzima, mzima. Niko katikati ya bahari hapa, kazi ni ngumu."

"Na kelele hizo?"

"Mawimbi, Mama Koku! Yanaipiga meli. Niombeeni tu."

Bibi akainamisha sikio. Yalikuwa mawimbi ya ajabu, yanalia ta-ta-ta-ta kama mahindi yanayomwagwa kwenye bati. Kisha nyuma yake ikapaa sauti ya mwanamke, kwa Kinyambo safi, lugha yetu ya nyumbani, sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa: anueni kahawa! Mvua ya mawe hiyo! Wewe Baba Eliza, acha simu, kahawa zinaloa!

Simu ikakatika.

Mnicheke mkitaka. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilimpenda baba yangu. Nikasema, "Mama, kumbe meli yao imebeba kahawa." Huyo Baba Eliza nilimhesabu kuwa baharia mwenzake.

Bibi alijiziba mdomo kwa kanga. "Ndiyo, mwanangu," Mama akasema. "Imebeba kahawa."

Haikupita saa moja, mvua ile ikatufikia. Ilitoka magharibi, upande wa Kyerwa, na mawe yakaanza kupiga bati letu, ta-ta-ta-ta. Nje kahawa yetu ilikuwa kwenye mikeka. Nikaruka kuianua, kwa sababu Mama alikuwa akinifinya hata ikidondokewa na tone. Akanishika mkono. "Acha iloe." Tukasimama mlangoni tukiitazama inaloa. Hapo, katikati ya kelele ile, nikaanza kuelewa, ingawa sikutaka.

Kesho yake asubuhi Baba Mkubwa alikuja na wazee wawili wa ukoo. Hakucheka.

"Mama Koku, kuna mtu ametoka Bugomora, huko Kyerwa. Anasema ndugu yangu yuko kule, ana nyumba na mke. Kama ni kweli, basi wewe hapa unamngoja nani? Tukae tuzungumze habari ya kibanja."

Mama alifuta mikono kwenye kitenge. "Koku, lete daftari. Msomee baba yako mkubwa."

Nikasoma nikiwa nimesimama, mimi ambaye shuleni sijawahi kusoma kwa sauti. Tarehe, upepo, mawimbi. Wazee walitikisa vichwa kwa mshangao. Nilipofika kwenye ukurasa wa jana, ulikuwa mweupe. Jana hatukuwasha redio. Nikamwangalia Mama, naye akaangalia chini.

"Mawimbi makubwa," nikasoma kwenye ule ukurasa mtupu. "Upepo mkali. Vyombo vyote visitoke."

Bibi akagonga fimbo. "Mmesikia? Mwanangu yuko baharini. Nani anajua zaidi, redio au walevi wa Bugomora?"

Wazee wakaondoka. Uwanja haukufagiwa miezi miwili.

Nilidhani Mama alimfichia Baba aibu. Nikamkasirikia miaka, kimyakimya, kama ninavyofanya kila kitu. Ni mwaka juzi, tulipomzika Bibi na kuwasikia wanaukoo wakipanga nani akae wapi, ndipo nilipoelewa. Mke wa mtu aliye baharini anangoja, na anayengoja haondolewi. Mke wa mtu aliye Bugomora, mwenye binti mmoja, anafungiwa mizigo yake. Mama alikaa kwenye kibanja hiki kwa mwandiko wangu.

Baada ya msiba Baba alirudi, amekonda, anakohoa. Bugomora walikuwa wamemchoka. Jumamosi moja akaniuliza, bila kunitazama, "Lile daftari lako bado lipo?" Akalisoma mchana kutwa akichezesha midomo, kama mwanafunzi kabla ya mtihani. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Kilomita sabini kwa saa! Mita nne! Watu wakaitikia haleluya. Akaendelea hadi kwenye zile siku zangu za uvivu. Akaokoka hata kwenye mawimbi niliyoyatunga mimi. Mama akaimba pambio pamoja na wengine. Mimi sikusema neno, na wakanisifu tena kwamba mtoto wao ni mtulivu.

Leo asubuhi nimefagia uwanja wote mpaka njiani. Nilipomaliza, Baba akatoka ndani, akapita katikati kwenda chooni, na nyayo zake zikabaki pale kwenye vumbi, wazi kabisa. Nikaurudia ufagio.