Gari Zima, Safari Hakuna

Shangazi yangu, dada wa baba, tunamwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, kwa sababu anatengeneza vyerehani. Nyumba hana. Ana gari dogo la mizigo lenye kitanda, jiko la gesi na makopo ya skrubu, na anaishi humo, mji hadi mji, akiitwa na mafundi wa nguo ambao mashine zao zimeanza kukata uzi. Watu humwonea huruma. Huruma yao wabaki nayo, maana sijaona mtu anayelala usingizi mtamu kama yule.

Kilichomkera ni sikukuu. Kila mwaka ukoo mzima tulikuwa tunajazana kwa bibi, mama yao, eti asibaki mpweke. Tunalala mpaka koridoni, watoto wanalia, runinga inapiga kelele, na kila anayepita lazima amuulize shangazi, “Utatulia lini?” Safari hii akaapa haendi. Lakini kuapa ni rahisi. Kumwambia mama yako ndiyo kazi. Aliogopa kumliza bibi.

Basi akadanganya. Alimpigia baba akasema gari limeharibika, limekwama nyuma ya kiwanda cha sare kilichofungwa kwa likizo. Hapo akajichongea mwenyewe, kwa kuwa baba ni fundi wa magari.

“Limekufa nini?” baba akauliza.

“Hata sijui. Linakohoa tu.”

“Usihangaike, dada. Kesho nakuja na vifaa vyangu. Sikukuu utaila nyumbani.”

Gari lilikuwa zima. Shangazi akafungua boneti atafute pa kuharibu, lakini mkono uliozoea kutengeneza ukagoma. Akaifunga, akampigia bibi, na machozi yakatangulia maneno.

“Mama, gari ni zima. Sitaki tu kuja. Nakupenda, ila zile kelele siziwezi. Nataka kulala.”

Akasikia mlango ukifungwa kule kwa bibi, kisha sauti ikaja ya chini chini.

“Unasema kweli?”

“Kweli, mama. Nisamehe.”

“Nikusamehe nini, mwanangu? Mwaka jana nilipika mpaka miguu ikavimba. Mnakuja nisibaki mpweke, na mimi huo upweke nautamani mpaka nauota!”

“Sasa mbona hukusema?”

“Nilidhani nikiwakataza mtalia.”

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mzigo wote ulimtoka mabegani.

“Kaka yako niachie mimi,” bibi akasema. “Na hao wengine pia.”

Jioni hiyo hiyo bibi alitupigia simu mmoja mmoja: mwaka huu kila mtu abaki nyumbani kwake. Mimi nilinuna waziwazi. Nikamuuliza, “Sasa bibi utakula na nani?”

“Na kijiko changu,” akanijibu, akakata.

Siku yenyewe shangazi aliamka jua likiwa kali kwenye kioo cha mbele. Akachemsha chai, akainywa kitandani bila kuulizwa chochote na mtu yeyote. Alifurahi, ananiambia mpaka leo, furaha ya mtoto aliyefunga shule. Mchana dhamiri ikamsuta kidogo, akampigia bibi amtakie heri. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita tena, akaanza kutafuta ufunguo wa gari.

Giza lilipoingia ndipo bibi akapiga, sauti nzito.

“Ulikuwa unasemaje? Ndiyo kwanza naamka.”