Salamu Kwanza, Shamba Baadaye

Siku hizi simu yangu ikilia asubuhi najua kinachokuja si salamu. Ni "niaje", au picha ya maua yenye maneno ya baraka ambayo mtumaji mwenyewe hajayasoma. Watu hao hao ukikutana nao barabarani Njombe watakushika mkono, wakuulize habari za watoto na za mvua mpaka miguu ife ganzi. Waingize mtandaoni, wanageuka. Jambo hili hunichekesha kuliko linavyoniudhi, kwa sababu nilikuwapo lilipoanza, na nilimwona mtu wa kwanza kulikataa. Alikuwa shangazi yangu.

Miaka ile ya soko huria kila mtu Makambako alikuwa akifungua kitu. Tajiri wangu, mfanyabiashara Mwislamu aliyehamia kutoka Kondoa, alikuwa na duka la vipuri vya malori. Akaweka kompyuta chache chumba cha nyuma, akaandika ukutani "Intaneti". Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu barua pepe, na nilijiona mtu wa maana sana.

Shangazi akaja kutoka Kitandililo. Mumewe alikuwa amefariki, na mashemeji zake walikuwa wameitisha kikao cha ukoo ili wagawane shamba la marehemu. Mwanawe wa kiume alikuwa masomoni Ulaya miaka mingi. Wakasema amekwisha kuwa Mzungu, na asiyekuwapo na lake halipo. Binti yake ndiye aliyekuwa akililima shamba hilo, lakini binti, walisema, ataolewa aende zake. Shangazi alihitaji neno la mwanawe kabla ya kikao. Bila hilo, shamba lilikuwa linakwenda.

Nikamwambia aseme, niandike. Akaanza kwa salamu ya kwetu: Kamwene, mwanangu. Hujambo? Habari za huko? Kisha akaniambia nitume. Nikamwuliza, na shamba je? Akanitazama kama nimeingia kanisani na kofia. Mtu hamwagi shida zake kabla salamu haijajibiwa. Akaenda kukaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akingoja.

Nilimweleza kwamba mtandao hauendi hivyo, kwamba jibu linaweza kuja hata kesho. Hakusogea. Nilipandwa na hasira, maana foleni ilikuwa ndefu na laini ya simu ilikuwa ikikatika kila mara. Nikamgeukia tajiri anisaidie. Yeye akasema salamu ni haki ya mtu, akamwagizia shangazi chai.

Bahati nzuri binamu yangu alikuwa mbele ya kompyuta chuoni kwake. Jibu likaingia kabla chai haijapoa: "Poa mama. Kuna shida gani? Sema haraka, nawahi darasa."

Nikamsomea. Uso ukamsawijika.

"Baba zake wadogo wamesema kweli," akasema taratibu. "Amepotea."

Akaanza kujifunga shali aondoke. Iliniuma. Nikamwomba asubiri kidogo, nikaandika kwa jina langu mwenyewe, bila kumwuliza mtu: mama yako amekaa hapa kwenye benchi, anangoja umsalimie.

Jibu la pili lilichelewa, lakini lilijaza kioo. Kamwene, mama. Aliuliza kama ng'ombe mwenye pembe moja amezaa, goti la bibi linaendeleaje, kama baridi imeunguza viazi kule bondeni, na kama kwaya bado inagombania sare. Nilisoma huku nikicheka, na shangazi akajibu kila swali kwa sauti, kana kwamba mwanawe amejificha nyuma ya kompyuta. Watu wa foleni wakaacha kunung'unika. Dereva mmoja wa lori akataka kujua ile pembe ya pili ilikwenda wapi.

Ndipo shangazi akanyoosha mgongo na kusema niandike habari ya shamba. Binamu akajibu kwamba hatarudi kulima. Shamba apewe dada, kwa kuwa yeye ndiye anayelijua.

Katika ukoo wa mumewe binti hakuwa amewahi kupewa shamba.

"Huyu amebadilika," shangazi akasema. "Lakini ni wangu."

Nilimchapia maneno yote kwenye karatasi. Kikaoni akataka yasomwe kuanzia mwanzo. Mashemeji walipotaka salamu zirukwe, akakataa katakata. Walipofika kwenye pembe ya ng'ombe, wazee walikuwa wanacheka. Walipofika kwenye goti la bibi, bibi mwenyewe akaitikia. Mwisho likasomwa neno la shamba, watu wakatazamana.

"Aliyewasalimia hivi," shangazi akauliza, "nani kati yenu atasema hayupo?"

Shamba akapewa binti. Binamu yangu wa kike analima viazi pale mpaka leo. Aliolewa kweli, kama walivyotabiri, ila mume ndiye aliyehama.