Misumari Saba ya Fundi Pazi

Fundi Pazi wa Msimbu aliingia shamba la mkonge huko Kibaha mwaka 1936 kwa mkataba wa miezi sita, akapitiliza mwaka. Kosa lake lilikuwa moja tu: alijua kushona buti. Wakata mkonge wavivu walifukuzwa kwa mateke wakaenda zao kwao. Yeye, mkataba wake ulipoisha, meneja Mzungu aliutia kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo na kuagiza jozi nyingine. Na bila karatasi ile kupigwa mhuri, kuondoka ni kutoroka, na kutoroka ni jela.

Mabuti yenyewe, tuseme ukweli, yalikuwa ya kumfungia mtu. Soli tabaka mbili za ngozi ya fahali, uzi wa mkonge uliopakwa nta ya nyuki, na kisiginoni misumari saba ya shaba iliyopangwa kama mwezi mwandamo. Hakuna fundi mwingine aliyepanga hivyo. Jozi ya kwanza aliivaa mwenyewe, akitembea taratibu ili ardhi ipate nafasi ya kumsifu.

Masika ya mwaka wa pili akaja Kibwana, kaka wa mkewe Biubwa.

"Shemeji, Biubwa anakusalimu. Anasema korosho zikianza kuanguka hujafika, anakwenda kwa kadhi."

"Biubwa kasema hivyo?"

"Kasema na mengine. Mimi nimekuchagulia yenye adabu."

Ijumaa ya juma lilelile, wanyapara walipokwenda msikitini, wawili hao wakashika njia. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ardhi laini kama uji wa mgonjwa.

"Vua mabuti, shemeji. Kila hatua unaandika jina lako. Yabebe kichwani."

"Buti langu limeundwa kubeba mtu, si kubebwa."

Mnyapara mkuu, Mfaume, hakujua hata alifu. Lakini ile miezi midogo aliisoma vizuri kuanzia Mkuza, akaenda nayo hadi karibu na Kisarawe, akamkuta Pazi ameinama anafuta tope kwenye buti la kushoto. Kibwana, ambaye hakuwa na mkataba na mtu, alirudi Msimbu peke yake.

Meneja hakumpeleka polisi. Alicheka.

"Unajisifu mabuti yako hayafi. Basi yavae kila siku, nami nitayakagua kila Jumamosi adhuhuri. Siku yatakayopasuka yenyewe, bila kisu, utapata karatasi yako."

Pazi akaanza vita na mabuti yake. Aliyaloweka, akayaburuza kwenye mawe, akapiga teke visiki mpaka ukucha wa kidole gumba ukang'oka. Ukucha, si buti. Mikorosho ikatoa maua. Akayachukia yale mabuti kwa bidii ileile aliyoyashonea.

Hatimaye, asubuhi ya Jumamosi moja, uzi wa buti la kulia ukakatika wenyewe, mbele, upana wa vidole vitatu. Nusura alibusu. Akakaa kwenye kigoda chake, mguu ameunyoosha, akisubiri adhuhuri. Kazi yake yote siku ile ilikuwa kutofanya kitu.

Mfaume akapita na kundi la wakata mkonge.

"Ebo! Jamani njooni muone! Fundi wa mabuti yasiyokufa, buti limeachama kama kambare!"

Watu wakaangua kicheko.

"Uzi tu huo," Pazi alisema.

"Uzi gani? Sema hujui, baba. Kumbe siku zote unatushonea vikapu!"

"Na langu nilirudishe, fundi?" mwingine akadakia.

Pazi akatazama jua. Akatazama buti. Mkono ukachukua msharasi. Akachoma ngozi, akapitisha uzi, mishono kumi na mmoja, akapaka nta, akafunga fundo na kukata kwa meno. Akaliinua juu.

"Haya, mwachamisheni sasa huyo kambare wenu!"

Hakuna aliyecheka. Mfaume mwenyewe aliinamisha macho, akaondoka na watu wake.

Adhuhuri meneja alilipindua buti, akalivuta kwa nguvu zake zote, likakataa.

"Safi sana, fundi."

Siku hiyo, kwenye genge la shamba, walianza kuuza korosho mpya.