Gia Iliyoachia Mlimani Chemosit

Priscah Chepkorir alichuma majani chai katika shamba moja kubwa la Kericho tangu usichana wake, hadi mashine za kuchuma zilipoletwa na wanawake wa mstari wake wakaambiwa warudi nyumbani. Wengine walirudia mahindi na ng'ombe. Yeye alijifunza kuendesha gari. Kwao, nje kidogo ya Sotik, watu walicheka chini chini, maana alikuwa amepita miaka arobaini na mikono yake ilijua kikapu, si usukani. Mume wake Weldon hakucheka. Waliuza ng'ombe wakanunua gari la viti saba. Walichagua la otomatiki kwa sababu klachi ilikuwa imemtoa Priscah machozi kule alikofunzwa.

Kazi ilimfuata mlangoni. Jirani yake, Mama Jerusa, aliyekuja kutoka upande wa ziwa akiwa kijana kufanya kazi kiwandani na hakurudi tena, alipata ugonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki ilibidi afike Kericho kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Priscah akaanza kumpeleka. Baadaye akaongezeka Mzee Kipngeno wa Kaplong, mwalimu mstaafu mwenye ugonjwa huohuo, ambaye alipenda kuketi nyuma na kusahihisha Kiswahili cha watangazaji wa redio.

Kuna jambo ambalo Priscah alilijua mapema kuhusu watu wa figo: wakikosa siku yao, maji hubaki mwilini. Wakati mmoja mvua ilikata barabara, na alipomfikia Mzee Kipngeno alimkuta ameketi sebuleni kwake, uso umevimba, anavuta pumzi kama mtu anayezama. Alimfikisha hospitali kwa wakati. Lakini tangu hapo Priscah hakuweza kuwasha gari asubuhi bila kwanza kusikiliza injini, ameinamisha kichwa, kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto.

Tone la kwanza aliliona kwenye simiti ya maegesho ya hospitali. Lilikuwa jekundu. Akageuka haraka kuutazama mkono wa Mama Jerusa, pale wanapomchoma sindano.

"Mama, unatoka damu?"

Jerusa aliinua mkono wake. Bandeji ilikuwa nyeupe, kavu. Priscah alichuchumaa akaligusa lile tone kwa kidole. Lilikuwa na utelezi, na lilinuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Yalikuwa mafuta.

Fundi mmoja wa Sotik alilala chini ya gari kesho yake asubuhi, akatoka akijipangusa. "Ni oili ya giaboksi," alisema. "Hiyo sampu yako, lile bakuli la oili la chini, imelowa yote. Ni gasketi, ule utando wa kuziba, umekufa." Akaibadilisha, akaongeza oili, na Priscah akarudi nyumbani akiimba.

Usiku alitandika katoni chini ya gari. Asubuhi katoni ilikuwa kavu. Akatandika tena, ikabaki kavu. Lakini kila alipofika Kericho, baada ya kupanda milima yote ile, tone lilikuwa linamngoja kwenye simiti. Alimrudia fundi. Akaambiwa ni oili ya zamani iliyobaki inajimwaga, itaisha.

Haikuisha. Kisha gari likaanza kusitasita. Akiweka gia ya kwenda mbele, lilikaa kimya kwanza, kama limesahau linachotakiwa kufanya, halafu likashtuka na kuondoka kwa mruko. Abiria wake walidhani ni mguu wake mzito. Mzee Kipngeno alimtania: "Mwalimu wako wa kuendesha alikuwa nani, punda?" Priscah alicheka nao. Hakumwambia mtu, hata Weldon. Yeye akikiri kwamba gari ni bovu, nani atawapeleka wale wawili? Kwa hiyo aliendesha, na hofu ikamnyima usingizi.

Asubuhi ile gia ilipoachia, ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Walivuka daraja la Chemosit wakaanza kupanda upande wa pili, chai pande zote mbili lakini haionekani. Katikati ya mlima injini ilipaza sauti ghafla. Priscah alikanyaga mafuta, sauti ikapanda zaidi, lakini gari lilizidi kupungua mwendo. Lilisimama. Kisha, polepole sana, likaanza kurudi nyuma.

Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Kwenye kioo aliona taa mbili za njano zikijitokeza ndani ya ukungu. Lori la majani chai lilikuwa linapanda nyuma yao. Alipiga honi, akaivuta breki ya mkono hadi mwisho, na bado hakuiamini. Lile lori lilipiga kelele za breki, likasimama karibu mno kiasi kwamba taa zake zilijaza gari lote mwanga.

"Priscah," Mama Jerusa alisema, taratibu, "kuna moshi."

Ulikuwa unatoka chini ya boneti na kupenya kwenye matundu ya hewa, mweupe, wenye ile harufu ya sufuria. Priscah aliwaza moto. Alimtazama Jerusa, ambaye hata ngazi mbili zilimtoa jasho. Alimtazama Mzee Kipngeno kupitia kioo, fimbo yake katikati ya magoti. Nikitoa mguu kwenye breki, aliwaza, tunarudi nyuma tugonge lori. Nisipoutoa, tunaungua humu.

"Shukeni," alisema. "Mzee, fungua mlango. Shukeni tafadhali."

"Na wewe?"

"Shukeni!"

Wapakiaji wa lori walikuja mbio. Mmoja alimbeba Mzee Kipngeno mgongoni, mwingine akamshika Jerusa kiunoni, na waliobaki wakatafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Injini alikuwa ameshaizima, moshi ukapungua, lakini Priscah hakutoka. Dereva wa lori alifungua mlango wake.

"Mama, toa mguu. Mawe yameshika."

"Siwezi."

"Utaweza. Haiendi popote. Niangalie mimi." Akamshika goti, kwa heshima, kama mtu anavyomshika mgonjwa, akauinua ule mguu mwenyewe.

Wagonjwa walipelekwa Kericho ndani ya kebini ya lori, wakafika mashine zikiwa bado zinawangoja. Priscah alibaki kando ya barabara amejifunika leso. Alimpigia Weldon akamweleza yaliyotokea. Weldon alimwambia amtafute Gordon Ogada, fundi wa magari ya otomatiki mjini Kericho, na akapanda gari kumfuata.

Gordon alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Kwenye simu jambo la kwanza alilosema ni kwamba wasikubali gari livutwe kwa kamba huku magurudumu yanazunguka. "Ipakiwe juu ya breakdown, lori la kubebea magari. Gia kavu ukiizungusha, unaimaliza." Lilipofika gereji, hakulifungua. Alileta kiti, akamketisha Priscah, akaanza kumuuliza. Linavuja lini? Likiwa baridi au moto? Nyumbani hakuna tone? Lilianza kusitasita kabla ya gasketi au baada? Priscah alijibu yote, na kila jibu lilimfanya ahisi kama amewaweka wale wazee kwenye kaburi kwa mkono wake.

"Mama Fancy," Gordon alisema, akimwita kwa jina la binti yake ambalo Weldon alikuwa amelitaja, "wamefika hospitali?"

"Wamefika."

"Basi tushughulike na gari."

Chini kote kulikuwa kumelowa oili, kuanzia mbele hadi karibu na ekseli ya nyuma. Gordon alisema kutazama hapo ni kazi bure. Gari likienda, upepo huipeleka oili nyuma, kwa hiyo palipolowa sana si lazima pawe ndipo inapotokea. Ataosha, atakausha, ndipo atatafuta. Lakini kwanza alitaka kujua kama ndani kumepona.

Alifungua sampu. Hii ndiyo saa aliyoiogopa Priscah kuliko zote. Fundi alimweleza kwamba ndani ya ile sampu kuna sumaku ndogo zinazonasa uchafu wa chuma. Tope laini ni kawaida. Vipande vya chuma ni msiba, giaboksi imekwisha. Oili iliyotoka ilikuwa kidogo na nyeusi. Gordon aliichomoa sumaku ya kwanza, akausugua uchafu wake kati ya vidole, akaunyanyua kwenye mwanga. Akachukua ya pili. Weldon, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe, alimshika mabega.

"Sema, fundi," Priscah alinong'ona.

"Ngoja."

Akaichukua ya mwisho, akaisugua. "Hakuna vipande," alisema. "Ni tope tu. Lakini ni jeusi sana, klachi za ndani ya giaboksi, maana hata otomatiki inazo, zimelika. Si kwamba zimekwisha. Zimelika."

"Maana yake?"

"Maana yake inaweza kukaa miaka, na inaweza kukuaga mapema. Sitakudanganya."

Siku iliyofuata, baada ya kuosha na kukausha, Gordon alijaza oili mpya na kupaka poda ya mtoto chini yote, kwenye sampu, viungo na mipira, hadi gari likaonekana kama limepakwa unga. Akaliwasha likapata moto vizuri. Poda ilibaki nyeupe kila mahali. Priscah aliinama akatazama mwenyewe. Kama hawapati panapovuja, atarudi vipi kwenye ule mlima?

"Haina mzigo," Gordon alisema. "Lazima tuipe kazi." Alizuia magurudumu yote kwa mbao, akafungua boneti, akasimama ubavuni mwa gari na tochi yake. "Weldon, wewe simama huku kwangu. Mtu asipite mbele ya gari. Mama Fancy, ingia. Kanyaga breki mpaka chini, weka gia ya mbele, halafu ongeza mafuta kidogo nikikwambia. Breki usiiachie hata nikipiga kelele."

"Weldon aingie."

"Weldon hajui gari hii. Wewe ndiye unajua mkanyago wake."

Priscah aliingia. Kupitia pengo la boneti aliona kipande cha shati la Gordon, na akaona pia akilini, ingawa hakutaka, gari likiruka zile mbao na kuondoka na kila kilichokuwa mbele. Alikanyaga breki hadi mwisho. Akaweka gia.

"Ongeza."

Akaongeza. Gari lilijikaza lote, likainua pua.

"Kidogo tena."

Machozi yalimtoka. Mguu wa breki ulikuwa unauma, naye hakujua tena kama unakanyaga au la.

"Hapo! Zima! Zima!"

Alizima. Gordon alimwita aje aone mwenyewe. Chini ya radieta ulipita mpira uliopeleka oili ya gia kwenda kupozwa na kuirudisha. Mahali ulipopinda uligusana na ukingo wa kibanio cha chuma, na kwa kutetemeka kwa safari nyingi ukawa umesuguliwa. Tundu lilikuwa dogo kama la sindano. Gari likiwa baridi au limetulia, tundu lilijifunga. Oili ikipata moto na presha ya mlima, lilifunguka na kurusha uzi mwembamba mwekundu nyuma, kwenye ekzosi, lile bomba la moshi lenye joto kali, ukaungua, na huo ndio uliokuwa moshi wa mlimani. Poda yote upande ule ilikuwa imechorwa mstari mmoja mwekundu.

"Huyo fundi wa kwanza hakukosea kuona sampu imelowa," Gordon alisema. "Ilikuwa imelowa kweli. Oili ilikuwa imesafiri tu."

Aliutoa mpira, akaweka mpya wa kustahimili oili ya moto, akakaza vibanio, na kile kibanio chenye makali akakipinda mbali na kukivalisha mpira. Akapima oili gari likiwa mahali tambarare, lina moto, injini inanguruma, akaongeza kidogo, akapima tena. Kisha yeye mwenyewe akalipeleka Chemosit, akapanda na kushuka, Weldon kando yake, na waliporudi poda mpya ilikuwa kavu.

Priscah hakuwa ameenda nao. Alisema kichwa kinamuuma.

Siku ya hospitali ilipofika aliamka mapema. Aliwaza kumwomba mtu mwingine awapeleke, hata alishika simu. Mama Jerusa alikuwa tayari nje, amevaa sweta, na safari hii alikataa kuketi nyuma. Mzee Kipngeno walipompitia hakutania hata neno moja, jambo lililomtisha Priscah zaidi.

Kwenye daraja la Chemosit aliegesha kando. Ukungu ulikuwa mwepesi, mlima ulionekana wote, nao ulikuwa mrefu kuliko alivyoukumbuka.

"Mama, naogopa," alisema.

"Hata mimi," Jerusa akajibu. "Siku ile nilikuwa nimeshamuaga mume wangu moyoni, na yeye amekufa zamani." Akakaza mkanda. "Lakini mwili wangu umejaa maji, mwanangu. Siwezi kukaa hapa."

Priscah akaondoa gari. Katikati ya mlima, palepale, gia ilibadilika kwa mshtuko mdogo, na Mzee Kipngeno akasikika akivuta pumzi. Priscah alihisi mguu wake unakimbilia breki akauzuia. Gari likaendelea kupanda. Lilipanda hadi juu, ukungu ukaisha, na hakuna aliyesema kitu mpaka walipoona mabati ya mji.

Amekuwa akipita pale tangu wakati huo, na mpira ule haujatoa tone. Gordon hukagua gari kila oili inapobadilishwa, na kila mara hurudia kwamba hajui zile klachi zitadumu hadi lini. Dereva wa lori alimpa namba yake ya simu. Asubuhi za hospitali Priscah humjulisha anapopita mji wa Litein, kabla ya mlima, ili pawe na mtu anayejua kwamba wako njiani. Hofu haijaondoka. Akishawafikisha wagonjwa wake mlangoni na kuwakabidhi kwa wauguzi, hurudi garini, hulaza kiti na kulala usingizi mzito wa mtu aliyepanda mlima kwa miguu, amebeba watu wawili mgongoni.